Kutambua aina za maambukizi ya masikio kwa mbwa: mwongozo kamili kwa mfugaji

Mbwa anapoanza kutikisa kichwa na kujikwaruza sikio kwa mguu wa nyuma, jambo la kwanza ambalo wafugaji wengi huuliza ni dawa gani ya matone inunuliwe. Swali hilo huja mapema mno. Yapo masikio matatu yanayoweza kutoa uchafu unaofanana kwa macho, ilhali la kwanza linahitaji dawa ya fangasi, la pili linahitaji dawa ya utitiri, na la tatu lina mbegu ya nyasi iliyochoma ngozi ndani ambayo haitatolewa na dawa yoyote ya chupa. Mwongozo huu unakusudia kukusaidia kujibu maswali matatu kabla ya kufikiria dawa: ugonjwa umefika kina gani ndani ya sikio, ni kiumbe gani anayezaliana humo, na ni jambo gani lililomfungulia mlango. Swali hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndiyo maana sikio la mbwa yuleyule hupona mwezi Machi likaanza kunuka tena mwezi Mei.

Umbo la sikio na kwa nini linaugua kwa urahisi

Mfereji wa sikio la binadamu ni mfupi na unaelekea ndani karibu moja kwa moja. Wa mbwa hushuka kwanza kuelekea chini, kisha hukata kona kuingia ndani, mfano wa herufi L, na kwa mbwa mkubwa urefu wake wote hufika kati ya sentimita 5 na 10. Kwa sababu ya kona hiyo, maji yaliyoingia wakati wa kuogeshwa hayatoki kwa urahisi, nta hujikusanya chini, na joto na unyevu hubaki humo kwa muda mrefu. Kona hiyohiyo ndiyo inayofanya tochi yako isiweze kukuonyesha mwisho wa mfereji, hata ukivuta ndewe, yaani ile sehemu pana ya sikio unayoishika, kwa ustadi wa namna gani. Unachokiona ni sebule tu; vyumba vya ndani havionekani.

Mwisho wa mfereji kuna ngoma ya sikio, utando mwembamba unaotenganisha sikio la nje na sikio la kati. Sikio la kati ni chumba kidogo ndani ya mfupa wa fuvu, na karibu na chumba hicho hupita mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ya uso na kope. Mbele zaidi kuna sikio la ndani, ambalo husikia na pia humwezesha mbwa kusimama bila kuyumba. Ukikumbuka mpangilio huu, dalili nyingi zitakazotajwa hapa chini zitajieleza zenyewe.

Hatua ya kwanza: lijue sikio la mbwa wako likiwa na afya

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui sikio la mbwa wako likiwa na afya linafananaje. Mara moja kwa wiki, siku ambayo mbwa hana tatizo lolote, inua ndewe, kisha tazama, nusa na gusa. Sikio lenye afya lina ngozi laini na isiyo na joto la kupita kiasi, lina nta kidogo ya rangi ya kahawia hafifu au halina kabisa, halina harufu ya kukukirihisha, na mbwa haoni taabu ukilikanda.

Maelezo mengi husema kwamba sikio lenye maambukizi huwa jekundu. Hilo ni kweli kwa mbwa mwenye ngozi nyeupe au ya waridi, lakini mbwa wetu wengi wa kienyeji, na hata baadhi ya German Shepherd, wana ngozi nyeusi ndani ya masikio, na wekundu hauonekani humo. Kwa mbwa wa namna hiyo tumia vidole: linganisha sikio moja na jingine, usikie lipi lina joto zaidi, lipi ngozi yake imekuwa nene, na lipi mlango wake umebana.

Hatua ya pili: mwangalie akiwa mbali na ukusanye historia

Kabla ya kumshika, mtazame kwa dakika chache akiwa huru. Angalia kama anajikwaruza sikio moja au yote mawili, kama anasugua kichwa ukutani au kwenye nyasi, kama kichwa kimeinamia upande mmoja, na kama anatembea sawasawa. Katika nyumba nyingi za mjini mbwa ni mlinzi wa usiku, na mwenye nyumba humwona kwa dakika chache tu asubuhi. Mtu anayejua kama mbwa alikesha akijikwaruza ni mlinzi wa getini au yule anayempelekea chakula. Waulize hao kwa heshima na uyazingatie majibu yao, kwa sababu mara nyingi wameliona tatizo siku kumi kabla yako.

Maswali ya kuuliza ni machache. Tatizo lilianza ghafla au lilikuja polepole? Ni sikio moja au yote mawili? Mbwa ana umri gani? Limewahi kutokea kabla, na lilitokea miezi gani? Aliogeshwa au kuogelea hivi karibuni? Aliingia vichakani? Je, pia analamba nyayo, anajikuna tumbo na makwapa, au ana viroboto? Yupo paka au mbwa mwingine nyumbani anayejikwaruza? Andika majibu kwenye karatasi. Yatakufaa katika hatua ya nne na ya saba, na daktari wa mifugo atakushukuru kwa kuja nayo.

Hatua ya tatu: uchunguzi wa mikono, na tahadhari yake

Sikio lenye maambukizi huuma sana, na mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiguswa palipo na maumivu. Mtu anayemfahamu mbwa amshike, na ikibidi mdomo ufungwe kwa kitambaa kirefu kilaini kinachozungushwa puani na kufungwa nyuma ya masikio, isipokuwa kama mbwa anahema kwa shida au anatapika. Watoto wakae mbali. Vaa glavu.

Katika eneo letu lipo jambo jingine zito zaidi. Mbwa ambaye tabia yake imebadilika ghafla, ambaye taya limelegea, anadondosha mate, anashindwa kumeza au anayumba, na hana kumbukumbu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, asichunguzwe masikio na mtu yeyote nyumbani. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo au afisa mifugo. Mtu aking'atwa, au mate yakiingia kwenye jeraha, paoshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Ninalitaja hili katika mwongozo wa masikio kwa sababu kuyumba na kulegea kwa uso ni dalili pia za maambukizi ya sikio la kati na la ndani, na kosa la kuchanganya mambo haya mawili halisahihishiki.

Ikiwa mbwa yuko salama kushikwa, anza na sikio lisilo na tatizo ili upate kipimo cha kulinganishia. Inua ndewe kuelekea juu na uangalie mlango wa mfereji kwa tochi. Nusa ukiwa umbali wa kiganja kimoja. Kisha weka kidole gumba na cha shahada kwenye shina la sikio, chini ya mlango, na ulikande taratibu: ukisikia sauti ya majimaji ndani, uchafu umejaa kwenye mfereji, ukisikia mfereji umekuwa mgumu kama bomba, ugonjwa ni wa siku nyingi na ngozi imeanza kugeuka kovu. Mwisho, zungusha kipande cha pamba nyeupe kwenye kidole na upanguse mlango wa sikio tu. Usiingize kijiti cha pamba ndani ya mfereji, kwa kuwa kitasukuma uchafu hadi kwenye kona na kuushindilia juu ya ngoma. Kipande hicho cha pamba kitazame kwenye mwanga wa jua.

Hatua ya nne: kuusoma uchafu

Ninaomba usome sehemu hii bila haraka.

Uchafu wa kahawia, mzito, wenye mafuta, unaoshikamana na pamba kama samli iliyochafuka, pamoja na harufu ya uchachu inayokumbusha unga ulioumuka kupita kiasi, kwa kawaida huelekeza kwenye fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia. Fangasi hawa huishi kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya kwa idadi ndogo bila kumdhuru. Huzidi pale joto, unyevu na mafuta ya ngozi yanapoongezeka. Mwasho wake ni mkali, ngozi huwa nene, na mara nyingi masikio yote mawili huathirika. Katika miji ya pwani yenye joto la unyevu, na kwa mbwa wenye masikio yanayoning'inia kama Labrador na Cocker Spaniel, aina hii ni ya kutarajiwa.

Uchafu wa njano au wa rangi ya maziwa yaliyokatika, wenye unyevunyevu, huashiria zaidi bakteria wa umbo la mviringo, hasa jamii ya Staphylococcus ambayo nayo huishi kwenye ngozi siku zote. Hapa maumivu huanza kushindana na mwasho: mbwa anataka kujikwaruza, lakini akigusa anaacha na kulia. Mara nyingi bakteria hawa na fangasi huwa pamoja katika sikio moja, na ndiyo maana rangi ya uchafu peke yake haitoshi kuamulia dawa.

Aina inayonitia hofu kuliko zote ni ile ya usaha mwepesi, wa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano au kijivu, wenye harufu kali ya kuoza inayojaza chumba, katika sikio ambalo mbwa hataki liguswe hata kidogo. Ukipangusa unaweza kuona damu, kwa kuwa ngozi ya ndani imefanya vidonda. Mara nyingi hawa ni bakteria wenye umbo la fimbo, na miongoni mwao yupo Pseudomonas, ambaye hupenda maji, hujifunika kwa utando wa utelezi unaozuia dawa kumfikia, na ni sugu kwa viuavijasumu vingi. Kwa kawaida huonekana kwenye sikio lililougua kwa miezi na kutibiwa mara kadhaa kwa dawa za kubahatisha. Kila chupa iliyotumiwa nusu ikaachwa humjengea mazingira. Sikio la namna hii lipelekwe kliniki mapema kadiri iwezekanavyo, na usijaribu kulitibu nyumbani hata kwa siku moja.

Uchafu mkavu, mweusi au kahawia iliyokolea, unaovunjikavunjika kama masimbi ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa au kwa mbwa anayelala karibu na paka, huelekeza kwenye utitiri wa masikio, Otodectes cynotis. Wadudu hawa ni wadogo kiasi kwamba mmoja hafiki hata nusu milimita, lakini ukikung'uta uchafu kidogo kwenye karatasi nyeusi juani na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, unaweza kuona vidoa vyeupe vinavyotembea. Mwasho wake hauna mfano. Ukikanda sikio, mguu wa nyuma wa mbwa hupiga hewani wenyewe. Yai hufikia kuwa mdudu mkubwa kwa muda wa takriban wiki 3, kwa hiyo tiba iliyokatizwa baada ya siku chache huacha kizazi kipya kikianguliwa. Utitiri huambukiza haraka, na wanyama wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa pamoja hata kama hawana dalili, kwa kuzingatia kwamba dawa ya mbwa si lazima iwe salama kwa paka: permethrin, iliyomo katika baadhi ya dawa za viroboto za mbwa, inaweza kumuua paka. Naongeza kwamba si kila uchafu mweusi ni utitiri. Kwa mbwa mtu mzima anayeishi peke yake, uchafu mweusi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa fangasi na nta iliyozeeka.

Kwa upande wetu wa dunia kupe hawawezi kusahaulika. Hujibanza kwenye mikunjo ya ndewe na kwenye mlango wa mfereji, na wakati mwingine huingia ndani kabisa. Hapo utaona sikio moja likisumbua, damu kavu, na pengine kivimbe cha kijivu mfano wa mbegu ya mbarika. Kupe wa nje hutolewa kwa kibano, akishikwa karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kumpaka mafuta ya taa wala kumchoma. Aliye ndani ya mfereji aachiwe daktari. Kumbuka pia kwamba kupe wanaweza kuambukiza magonjwa ya damu, hivyo mbwa mwenye kupe masikioni ambaye pia amepoteza hamu ya kula na ana ufizi mweupe anahitaji kupimwa damu.

Mbegu ya nyasi yenye ncha na vinyweleo vya kurudi nyuma husafiri kuelekea upande mmoja tu, yaani ndani. Hadithi yake haibadiliki: mbwa aliingia vichakani akiwa mzima, akatoka akitikisa kichwa kwa nguvu, sikio moja tu, bila uchafu wowote mwanzoni. Baada ya siku kadhaa usaha huanza, na mtu anayeliona sikio siku hiyo hudhani ni maambukizi ya kawaida. Usimwagie kitu. Mbegu hutolewa kwa koleo maalumu, mara nyingi mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na ikichelewa inaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Lipo pia sikio lenye joto, lililovimba kidogo, linalowasha, lakini pamba ikatoka karibu safi. Hilo bado halijapata maambukizi. Lina mzio, ambao wengi huuita aleji, na kwa baadhi ya mbwa hiyo ndiyo dalili pekee. Ukilikamata katika hatua hii, umemwepusha mnyama na mateso mengi.

Hatua ya tano: kupima kina cha ugonjwa

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu sikio la nje. Maambukizi yakikaa muda mrefu huweza kuvuka ngoma na kuingia sikio la kati. Ngoma inaweza kutoboka kisha ikajifunga tena huku usaha ukiwa umebaki nyuma yake, na kwa sababu hiyo sikio linaweza kuonekana limepona mlangoni wakati ugonjwa unaendelea chumbani. Mbwa wa namna hii hulalamika akifungua mdomo kupiga miayo, huacha mifupa aliyokuwa akiipenda, na hukataa kuguswa kando ya taya. Kwa kuwa mishipa ya fahamu hupita hapo, upande mmoja wa mdomo unaweza kulegea, chakula kikadondoka upande huo, na jicho likashindwa kufumba. Wakati mwingine mboni ya jicho la upande huo huwa ndogo kuliko ya jicho jingine, kope la juu hushuka, na utando mweupe wa kona ya ndani hupanda juu ya jicho. Mtu asiyejua atanunua dawa ya macho, kumbe jicho halina kosa.

Ugonjwa ukifika sikio la ndani, mizani ya mwili huvurugika. Kichwa huinama upande wa sikio linalougua na kubaki hivyo. Macho huchezacheza bila kutulia. Mbwa huzunguka upande mmoja, huanguka, na anaweza kutapika kama mtu aliyelewa bahari. Kusikia kunaweza kupotea na kusirudi. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo. Hata hivyo, mbwa mzee anaweza kuamka asubuhi na dalili hizi zote bila maambukizi yoyote, kutokana na tatizo la ghafla la mizani linalowapata mbwa wa umri mkubwa na ambalo wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo asihukumiwe kuuawa kabla ya kuchunguzwa. Nimeona hilo likikaribia kutendeka, na bado linaniuma.

Hatua ya sita: magonjwa ya ndewe yanayodhaniwa kuwa ya ndani

Vidonda vyenye magamba meusi kwenye ncha za masikio yaliyosimama, vinavyotoka damu na kuzungukwa na nzi, husababishwa na nzi wanaong'ata. Mfereji wa ndani huwa mzima. Magamba makavu kwenye kingo za ndewe, pamoja na upara wa viwiko na mwasho usiompa mbwa usingizi, huashiria upele wa wadudu wanaochimba ngozi, ambao huweza kuwawasha hata watu wa nyumbani. Ndewe iliyovimba ghafla kama mto mdogo wenye majimaji ni damu iliyovujia ndani kwa sababu ya kutikisa kichwa kupita kiasi. Usiitoboe kwa sindano nyumbani, na usiridhike daktari akiitoa damu bila kuuliza kwa nini mbwa alikuwa akitikisa kichwa. Funza wakionekana ndani ya sikio, mpeleke mbwa kliniki papo hapo.

Hatua ya saba: tafuta aliyefungua mlango

Bakteria na fangasi mara chache huanza ugonjwa wenyewe. Hutumia nafasi iliyotengenezwa na kitu kingine. Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya pili. Sikio moja lililoanza ghafla lina mgeni ndani: mbegu, kupe, au kwa mbwa mzee kinyama kinachoota kwenye mfereji. Masikio yote mawili, yanayorudiarudia, kwa mbwa anayelamba nyayo zake hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu, yana mzio mpaka ithibitike vinginevyo. Mzio huo unaweza kuwa wa chakula, ambao hausubiri msimu, au wa vumbi, chavua na ukungu, ambao mara nyingi huzidi miezi fulani ya mwaka. Mbwa mnene, mvivu, mwenye manyoya yanayopukutika mkiani, anaweza kuwa na upungufu wa homoni za tezi ya shingoni. Na yupo mbwa ambaye kosa lake pekee ni kuogeshwa kila wiki bila masikio kukaushwa.

Nilikuwa na mbwa ambaye masikio yake yalichafuka kila masika. Nilimnunulia dawa ileile dukani mara tatu, kila mara akapata nafuu kwa wiki mbili, na kila mara nikaamini amepona. Daktari aliyemwona mara ya nne hakuanza na masikio. Alimgeuza mbwa chali akaniuliza tangu lini anajilamba nyayo. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kutazama. Tatizo lilikuwa mzio, na mbwa aliteseka misimu mitatu kwa kuwa nilikuwa nikitibu matokeo.

Hatua ya nane: kuthibitisha

Dalili zote hizi hukuelekeza, lakini hukumu hutolewa na hadubini. Daktari huchukua uchafu kwa kijiti cha pamba, akauviringisha juu ya kioo chembamba, akautia rangi na kuutazama. Ndani ya dakika chache huonekana kama ni fangasi wenye umbo la karanga yenye maganda, bakteria wa mviringo au wa fimbo, na kama zipo chembe za usaha. Kwa utitiri, uchafu huchanganywa na tone la mafuta badala ya rangi. Kipimo hiki ni cha gharama ndogo, na una haki ya kukiomba kabla ya kuandikiwa dawa. Pakionekana bakteria wa fimbo, au tiba ya kwanza ikishindwa, omba usaha uoteshwe maabara ili ijulikane ni dawa gani inayowaua. Pale ambapo kliniki ya karibu haina uwezo huo, uliza kuhusu kupelekwa kwenye hospitali za vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro au Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Ugonjwa wa sikio la kati huhitaji picha ya eksirei au skani.

Ili kipimo kiwe cha kweli, usisafishe sikio siku ya kwenda kliniki wala siku iliyotangulia, na chukua chupa za dawa zote zilizokwisha kutumika, hata zile ulizopewa na jirani. Daktari anapaswa pia kuchungulia ngoma ya sikio kwa kifaa chenye taa kabla ya kutia dawa, kwa kuwa baadhi ya dawa, ikiwemo gentamicin, zinaweza kumfanya mbwa awe kiziwi zikipita kwenye ngoma iliyotoboka. Kwa sababu hiyohiyo, hadi siku ya kuonana naye usitie sikioni matone ya binadamu, spiriti, siki, hidrojeni peroksaidi, mafuta ya taa wala oili ya gari, na usimchome sindano ya ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia kipimo.

Tiba ikianza, timiza siku zote ulizoandikiwa hata kama harufu imeisha siku ya tatu. Kisha mrudishe mbwa baada ya wiki mbili ili uchafu utazamwe tena kwa hadubini. Andika tarehe ya ziara hiyo kwenye karatasi ileile ya historia na uibandike jikoni au kibandani kwa mlinzi, pamoja na jina la kiumbe aliyeonekana, sikio la kulia au la kushoto, na dawa iliyotumika, ili tatizo likirudi yeyote atakayekuwa nyumbani ajue pa kuanzia.